Moyo Uliomshtaki Mtani

"We Mgogo, bado hujafa? Au umeshakufa, na wanao wanakuficha ndani kama ng'ombe wa wizi?"

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokuwa ikianza nyumbani kwa Mzee Chibago, mtaa wa Ipagala, Dodoma. Sauti ilikuwa ya Mzee Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, iliyotumwa kwa simu kabla jua halijachomoza vizuri. Chibago alikuwa akiiweka simu juu ya meza ya chai, anaifungulia mpaka majirani wasikie, halafu anajibu kwa kelele zilezile: "We mpagazi, mzigo bado haujakuvunja mgongo? Babu zako walipita hapa na meno ya tembo ya watu wengine, wakatuomba maji, tukawauzia. Na wewe njoo, nitakuuzia!" Akimaliza hucheka mpaka akakohoa, kisha anadai uji wake.

Wazee hao walifanya kazi pamoja ujanani kwenye karakana ya reli. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, wametukanana tangu enzi za misafara, na tusi la mtani halina kesi. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako kufanya fujo, akajilaza kaburini na kugoma maiti isizikwe, ili wafiwa wapate pa kuchekea. Wako watu ambao lazima daktari awapime ndipo waamini kwamba wako hai. Chibago alihitaji tusi moja tu kwa siku.

Lakini tangu mvua zikatike, simu ilikuwa kimya. Nyemo, binti yake wa pekee, alisimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la uji, akamwona baba yake akipeleka mkono kwenye mfuko wa shati.

"Imetetemeka," alisema mzee.

"Haijatetemeka, baba."

"Nimeisikia."

Akaitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nyemo aliijua hali hiyo kitaalamu. Ngozi iliyozoea kungoja simu hujitungia mtetemo wake yenyewe. Aliwahi kuieleza mbele ya darasa, na wanafunzi wakacheka kwa kuwa kila mmoja alijiona humo. Kwa baba yake haikumchekesha hata kidogo.

Kwenye mkono wa mzee bangili nyembamba iling'aa kijani. Kijani maana yake moyo umetulia. Nyemo ndiye aliyemvisha, mwaka huu zamu ya wazee ilipofika, na siku hiyo alijiona mtoto mwema.

"Kula uji, baba. Unapoa."

"Mtu aliyefiwa anakula kwa raha gani?"

"Umefiwa na nani?"

"Mihayo amekufa." Mzee alisema kwa hasira, kana kwamba Nyemo ndiye aliyemuua. "Amekufa, na wanawe hawakuniita. Mimi mtani wake! Nani alimzuilia kaburi? Nani aliwadai mbuzi? Wamemfukia kama mbwa, watu wamesimama wameinamisha vichwa, hakuna hata mmoja wa kumtukana."

"Umempigia ukauliza?"

Chibago alimkata jicho. "Mtani hampigii mtani kumuuliza hali. Ukishamuuliza hali, umemgeuza ndugu wa kawaida. Nimemtukana kila siku hajibu. Nimemtukania mpaka mama yake mzazi. Aliye hai angejibu."

Nyemo aliweka bakuli mezani. Yeye hakuwaza kifo. Alikuwa na kazi ambayo ilimfundisha kimya cha namna nyingine, na kimya hicho alikuwa amekitengeneza mwenyewe.

*

Jengo la Mamlaka ya Utulivu halikuwa na mlio wowote. Hata viatu vya wageni vilifunikwa vitambaa mlangoni. Nyemo alikuwa mpimaji mkuu pale. Aliketi mezani, akaliita jina la baba yake, na mtambo ukamwonyesha mstari wa moyo wa mzee.

Bangili ilikuwa ikisoma mapigo na jasho. Kila simu ilipoingia, iliandika jinsi mwenye simu alivyoshtuka. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imefikishwa pabaya. Watu walilala na simu mkononi, wakaamka mioyo ikienda mbio kabla hata hawajasoma kitu, wakagombana na watoto wao kwa hasira ya ujumbe wa mtu asiyewajua. Ndipo ikaja sheria. Mtu ambaye ujumbe au maneno yake yanakushtua mara kwa mara kupita kiwango, anazimwa. Anachokutumia kinazama njiani, na unachomtumia wewe pia. Treni haimkatii tiketi ya kuja mji unaoishi, na geti la mtaa wako halimfungukii. Nawe huambiwi, kwa sababu kuambiwa nako kungekushtua.

Ilifanya kazi, na asiyekubali hilo ni mbishi tu. Wanawake wengi walilala usingizi ambao hawakuulala miaka. Ila watu nao wakaogopa kuzimwa, wakaanza kuandikiana kama ofisi na ofisi. Nyemo mwenyewe alipokea taarifa ya kifo cha shangazi yake ikisema: "Habari za wakati huu. Napenda kukufahamisha kuwa shangazi hayupo nasi. Nakutakia siku njema." Bangili yake ilibaki kijani, na alilia akiwa na bangili ya kijani.

Mstari wa baba yake ulikuwa na mlima mmoja kila asubuhi, mkali, juu kabisa ya kiwango. Mlima huo ulikuwa Mihayo. Halafu milima ikakoma, na chini yake neno moja: amezimwa. Kuanzia hapo mstari ulilala, na kila wiki ukazidi kulala.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, Dokta Mrutu, mtu mpole wa sura na mgumu wa roho.

"Nataka kumwasha mtu mmoja," alisema Nyemo.

"Nani?"

"Mtani wa baba yangu. Mtambo umeuona utani ukadhani ni uonevu. Baba mwenyewe atatoa ushahidi kwamba hajaumizwa."

Mrutu alitabasamu bila furaha. "Soma kifungu cha msamaha, Bi Nyemo. 'Msamaha wa aliyeumizwa hausikilizwi.' Si mkono wako ule?"

Ulikuwa mkono wake. Alikiandika kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kusamehe, akasamehe tena, na kila msamaha ukamletea kipigo kikubwa zaidi. Mume wake aliitwa Luhende. Alikuwa Mnyamwezi naye, na Mzee Mihayo ndiye aliyemleta nyumbani kwao kwa vicheko: nimewaletea mtani, mkishindwa kumlisha mrudisheni. Luhende alikaa mezani kwa Chibago, akajifunza matusi ya wazee neno kwa neno, na mzee akampenda. Nyemo alipomkimbia, Luhende aliendelea kumtumia matusi yaleyale kila asubuhi, pamoja na picha ya mlango wa nyumba aliyokuwa amejificha. Polisi waliposoma maneno tupu walisema mbona huyu anakutania tu, mama. Ndipo Nyemo akaingia kwenye kazi ya kujenga mtambo usiosoma maneno.

"Tuupe mtambo kipimo cha kicheko," alisema sasa. "Baba anashtuka, halafu anacheka. Anayeogopa hacheki."

"Wewe ulikuwa hucheki?"

Alikuwa akicheka. Luhende alipotukana mezani alicheka kuliko wote, kwa kuwa kicheko chake kilifanya kipigo cha usiku kiwe kifupi kidogo. Mrutu alilijua hilo. Alilisoma kwenye ushahidi wake, na sasa amemrushia usoni bila haya.

"Basi mwashe huyo mzee peke yake. Mzee wa Tabora anayekohoa, atamdhuru nani?"

"Mtambo haumjui mtu mmoja. Wewe ndiye unayewafundisha vijana hivyo. Ukiuambia kwamba moyo ulioruka namna hii haukuumizwa, utawaachia wote walioruka namna hii." Akageuza kioo chake ili Nyemo aone. "Nimeshaangalia. Siku hizi hakuna mtu anayethubutu kutania kwenye simu, kwa hiyo shauri linalofanana na la baba yako liko moja tu nchi nzima. Mnyamwezi kwa Mgogo, matusi ya alfajiri, mshtuko, kicheko."

Kwenye kioo lilikuwepo jina la Luhende. Chini yake, jina la Nyemo.

"Baba anakufa, Dokta."

"Kwa kipimo gani? Hapa naona mzee aliyetulia kuliko sisi sote." Mrutu alikirudisha kioo chake. "Ningekuwa wewe, ningemwacha na utulivu wake. Funga mlango ukitoka."

*

Kumwambia mtu nani amezimwa kwa ajili yake ni kosa la kufukuzwa kazi. Nyemo alimwambia baba yake jioni hiyohiyo, akiwa amesimama, hata mkoba hajauweka chini.

"Mihayo yuko hai. Amezimwa."

"Amezimwa na nani?"

"Na moyo wako, baba. Kila alipotuma ulishtuka. Bangili ikamshtaki."

Chibago aliitazama bangili kama anayemtazama mgeni aliyekuwa akila kwake huku akimuibia. "Moyo wangu ulishtuka! Moyo wa mzee ukishtuka si ndiyo unafanya kazi? Mlitaka ufanye nini, usinzie?" Alijaribu kuivua, haikuvuka kifundo. "Na nani aliwatuma mnilinde na Mihayo? Nimelalamika kwa nani? Mmemzima mtu wangu, mkaniacha nimlilie na mimi nimekaa hapa kama zuzu! Kesho umwashe."

"Siwezi."

"Si wewe ndiye mkubwa wao?"

"Nikimwasha Mihayo, na Luhende anawaka."

Nyemo alimngoja. Alikuwa na miaka anangoja neno moja kutoka kwa mtu huyu, na alidhani leo litakuja lenyewe.

"Luhende," alisema Chibago, "si alikuwa na mdomo tu? Watani ndivyo walivyo. Wana midomo."

Nyemo aliutupa mkoba sakafuni, akamsogelea baba yake, akalivuta shavu lake mwenyewe kwa kidole ili pengo la jino lionekane mpaka ndani.

"Tazama. Tazama vizuri! Na hili ni mdomo tu?"

"Uliniambia ulianguka bafuni."

"Mara ya kwanza nilikwambia amenipiga. Ulicheka, baba! Ulicheka ukasema mtani hakosi fujo. Mara ya pili ndipo nikakwambia nimeanguka, kwa sababu nilijua utacheka tena. Mimi na wewe, aliyekuwa zuzu ni nani?"

Bangili ya mzee ikageuka njano, ikageuka nyekundu. Kwa sheria, Nyemo naye alikuwa ameanza kujitengenezea shauri. Hakujali. Alitaka kumuumiza, na alipomwona ameumia hakupata ile raha aliyoitarajia.

Chibago aliketi. Hakusema pole, hakuwa mtu wa pole. Alisema, "Basi Mihayo abaki hukohuko alikozimwa."

"Baba."

"Nimeshaanza kumlilia. Nitamalizia. Si kazi ngeni." Akauelekeza uso ukutani. "Na uji usilete."

Alikuwa mkaidi wa kuzaliwa, na neno lake alilishika. Siku zilizofuata alikunywa maji na chai ya rangi, akajibu salamu za majirani kwa kichwa. Nyemo alipika, akapakua, akamwaga. Alimchukia kwa kujitoa kafara bila kuombwa, na akajichukia kwa kuwa sehemu yake moja ilifurahi kwamba mwishowe amechaguliwa yeye.

Jambo lililomtisha halikuwa njaa. Asubuhi moja aliona kwamba mkono wa mzee haupandi tena mfukoni. Ule mtetemo wa uongo ulikuwa umemwacha. Alikaa mikono magotini, simu iko kifuani pake, na hakuna kitu ndani yake kilichokuwa kikingoja.

Simu hiyo ikalia. Mzee hakugeuka, kwa hiyo Nyemo aliitoa mwenyewe akaisoma. "Hongera, Mzee Chibago! Wewe ni miongoni mwa wananchi watulivu zaidi mkoani Dodoma. Endelea hivyohivyo. Mamlaka ya Utulivu."

Maneno ya ujumbe ule yalikuwa yake pia. Aliyaandika yeye, mwaka wa kwanza, akijivunia.

*

"Unajua unachokifanya?" Mrutu alimuuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, na hakumzuia. Uamuzi wa shauri ulikuwa wa mpimaji mkuu, na mkurugenzi alipenda makosa yawe na jina la mtu mwingine.

"Nakijua kuliko wewe."

"Hutaweza kumlalamikia Luhende tena. Utakuwa umethibitisha mwenyewe."

"Nimesema nakijua. Toka nyuma yangu."

Mtambo ulimuuliza swali lake kwa maandishi mapole: je, unathibitisha kwamba mshtuko wa namna hii hauna madhara kwa anayeupata? Kulikuwa na nafasi ya ndiyo na nafasi ya hapana. Kwa moyo mmoja, wa baba yake, jibu lilikuwa ndiyo. Kwa moyo mwingine, ambao ulikuwa ukimgonga kifuani wakati huohuo, lilikuwa hapana. Nafasi ya kueleza haikuwepo. Yeye ndiye aliyeiondoa zamani, kwa sababu maelezo ndiyo waliyokuwa wakiyatumia akina Luhende kuponyoka.

Hakumuuliza baba yake. Msamaha wa mzee, ule wa kukubali Mihayo abaki amezimwa, alikuwa ameupokea, na kwa kifungu chake mwenyewe hakuwa na haja ya kuusikiliza. Alibonyeza ndiyo. Jioni akapitia kwa fundi, akanunua makomeo mawili ya chuma, akayafunga mwenyewe mlangoni huku akilia kwa hasira.

Asubuhi simu ya mzee ilitetemeka. Chibago hakuamini. Alimwangalia Nyemo kwanza.

"Imetetemeka," alisema Nyemo. "Safari hii kweli."

"We Mgogo!" Sauti ilijaa chumba, ya kukwaruza, imekonda kidogo. "Bado hujafa? Mimi nimeshanyoa nywele, nimeshakulilia, nimeshakusahau! Nimekwenda stesheni nije nikuzuilie kaburi, wananiambia Dodoma huruhusiwi kwenda. Nikasema kumbe mzee ameoza, wameufunga mji kwa harufu! Jana usiku ndiyo wananiambia tiketi ipo. Nipo njiani, tayarisha maji, na safari hii sinunui!"

Kicheko kilimtoka mzee vibaya, kama gari bovu linalowashwa, kikakwama, kikawaka. Alipiga meza. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Bangili ilikuwa na mlima wake wa zamani, lakini haikubadilika rangi, kwa sababu ilikuwa imeshafundishwa.

"Mpagazi huyu!" alifoka. "Anaswaga miguu yake mpaka hapa kuja kunichungulia! Nyemo! Uji! Leta uji, mtu huyu atanikuta sina nguvu ya kumtukana!"

Nyemo aliuleta. Alimwona akila, kijiko kwa kijiko, huku akijibu kwa mdomo uliojaa. Alikuwa na furaha ya kweli, akaruhusu imshike. Alijiambia labda. Labda Luhende ameoa, labda amechoka, labda amemsahau.

Simu yake ikalia mfukoni.

Ilikuwa sauti aliyoikimbia miji miwili, ya taratibu na ya kubembeleza, ya mtu ambaye hajawahi kuwa na haraka. Nyuma yake kulisikika treni, na kwa mbali, mzee mmoja akikohoa na kucheka peke yake.

"We Mgogo," ilisema, "bado hujafa?"

Moyo ulimruka Nyemo mpaka akashika ukingo wa meza. Mikono ilimtoka jasho, masikio yakaziba. Aliitazama bangili yake. Ilisoma mapigo, ikasoma jasho, ikalinganisha na ilichofundishwa jana, ikabaki kijani.

"Nani huyo?" aliuliza Chibago, bado anacheka.

"Mtani," alisema Nyemo.

Mzee hakuitazama bangili. Alimtazama bintiye usoni, akamtazama kwa muda ambao hakuwahi kumtazama tangu alipokuwa mtoto. Kicheko kikamkauka. Aliweka kijiko chini, akalisukuma bakuli pembeni, akanyoosha mkono.

"Nipe fimbo yangu," alisema, "halafu ukaangalie yale makomeo."